Wimbo Nilioanzisha Mnadani

Nakumbuka siku moja ya mnada, mwanangu, naikumbuka mpaka khanga niliyovaa na vumbi la ng'ombe lililonijaa puani. Sikutaka kuisimulia leo. Lakini ninyi mmekuja hapa na mabango yenu, mmeniamkia vizuri, shikamoo bibi, shikamoo bibi, halafu hata hamjakaa mmeanza kunong'onezana nani atashika kipaza sauti kesho kwenye maandamano na nani atasimama mbele kwenye picha. Mnadhani mimi kiziwi? Haya masikio bado yanasikia panya akila mahindi kwa jirani. Kaeni. Wewe mwenye miwani, mwanangu, sogea karibu, maana wewe ndiye uliyenuna.

Mwaka ule nilikuwa na umri kama wa mama yako. Shule sikwenda, sahihi yangu mpaka leo ni dole gumba. Lakini mdomo nilijaliwa. Dalali akipiga kelele mnadani asubuhi, jioni nilikuwa namwigiza kwangu: "Dume hilo, dume hilo, tazama nundu, mzee usilale!" Diwani nilimweza. Katekista nilimweza pamoja na kile kikohozi chake cha kabla ya sala. Hata mume wangu Marwa nilimweza, yeye amekaa palepale, mpaka akacheka na yeye, na Marwa hakuwa mtu wa kucheka.

Sasa sisi wanawake wa hapa Kemambo tulikuwa na kikundi cha kulimiana mashamba. Mwaka ule tukasema tusilime tu, tuseme na hili la kukeketa wasichana. Desemba ilikuwa inakuja, na Desemba ya huku mnaijua, ndiyo msimu wenyewe wa kuwapeleka. Tukakubaliana siku ya mnada tupite barabarani kwa amani, tuanzie kanisani mpaka kwenye zizi la kuuzia ng'ombe, tusitukane mtu, tusibebe hata fimbo. Kiongozi wetu alikuwa mjane mmoja tukimwita Mama Chacha. Barua ya ruhusa alitafuta yeye, kipaza akaazima kanisani.

Mimi nilijua kipaza ni changu. Nani mwingine? Siku mbili nilikunywa maji ya asali nilainishe koo. Tukakaa kikao, Mama Chacha akasimama na ile sauti yake ya mtu anayekokota gogo: "Kipaaaza... atashika... Ghati."

Ghati! Jirani yangu huyo, rafiki yangu, tuliolewa mwezi mmoja, kisima kimoja. Lakini sauti yake! Kifaranga aliyefunikwa na tenga. Akikusalimia unamwuliza amesema nini.

Nikauliza kwa nini, maana mimi si mtu wa kulala na swali. Mama Chacha akanijibu mbele ya wote: "Bhoke, mwanao Wegesa tulimpokea barabarani mwaka juzi tu, akitoka kukeketwa. Wewe ndiye uliyetangulia ukicheza. Ukishika kipaza watu watakuuliza. Ghati amekataa."

Na ni kweli alikuwa amekataa. Mumewe alikufa, akabaki kwenye boma la shemeji yake, Mwita, na Mwita alishasema zamu ya Robhi imefika. Robhi ndiye binti pekee wa Ghati, alikuwa na miaka kumi na mitatu, miguu mirefu kama ya korongo. Ghati akasimama mbele ya wanaume wote wa boma, na kile kisauti chake cha kifaranga, akasema, "Hapana. Huyu hapana." Mwita akamwambia, basi akimkimbiza binti, asirudi tena kwenye ardhi ya ndugu yake.

Mwanangu, wivu wa khanga naujua, wivu wa mume naujua, nimeonja yote na nimemeza. Huu ulikuwa mwingine. Nilimwonea Ghati wivu kwa neno moja, hilo hapana lake. Wegesa wangu aliniomba mimi. Aliniomba ameshika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili, nami nikamwambia, "Nyamaza, usinitie aibu." Halafu siku ya kumpokea nikacheza mpaka kandambili ikakatika. Sasa huyu kifaranga, mjane, asiye na mtu wa kumtetea, amewezaje nisichoweza mimi mwenye mdomo kama tarumbeta? Nilikuwa nikimwona akipita na ndoo nasikia kitu kinanikwaruza hapa.

Basi siku ikafika. Tukatoka kanisani. Ghati mbele na kipaza, Robhi pembeni yake na bango, sisi wengine nyuma. Mimi nilijiweka nyuma kabisa, nimevuta mdomo hivi, kama wewe muda ule. Usicheke.

Nilikuwa nangoja achekwe. Lakini kile chombo kilichukua kisauti chake kikakifanya kitu kingine. Hakupiga kelele. Alisema tu, taratibu, "Huyu ni Robhi. Mimi ni mama yake. Hatakwenda kule, na wa kwako asiende." Watu wakasimama. Mama wa chapati akaacha chapati ikaungua. Wachimbaji waliokuja kutoka mikoani kutafuta dhahabu, wakila miwa yao pale, wakaacha kutafuna. Na dalali, mwanangu, dalali yule yule, akanyamaza! Mimi nilimwiga miaka yote, hakuwahi kuninyamazia hata siku moja.

Hapo ndipo nilipoanzisha wimbo.

Ninyi mnaujua, ingawa siku hizi haupigwi hadharani. Ule wa barabarani. Msichana akirudi kutoka kule, anaimbiwa huo, mwavuli juu ya kichwa, khanga mpya mabegani. Lakini kwa upande wetu huku, huo huo ndio ulikuwa wa kumtangaza anayekwenda. Akishaimbiwa njiani akavishwa khanga na shangazi yake, ndugu wamemtoa mbele ya watu. Kumrudisha ni aibu ya ukoo mzima. Mimi nilijua yote hayo. Nilitaka tu mzaha, nilitaka zile shingo zigeuke zinitazame mimi. Nikaupandisha, na sauti yangu ilikuwa sauti.

Zikageuka. Eeeh, ziligeuka kweli! Wanawake waliokuwa kwenye nyanya wakapokea, miguu yao ikaanza wenyewe, vigelegele upande huu, vigelegele upande ule. Kipaza cha Ghati kikamezwa. Shangazi wa Robhi, Nyangi, mama mnene mcheshi, alikuwa kwenye duka la nguo. Akatoka mbio akidhani Ghati amekubali, amevuta khanga mpya, akamfunika Robhi mabegani. Mtu akaleta mwavuli. Na mimi nacheka! Mpaka nikaona lile bango chini, watu wanalikanyaga, na Robhi anazungusha macho kutafuta nani ameanzisha. Akanipata. Mimi ndiye niliyemfundisha huyo mtoto kuruka kamba.

Mwita akapanda juu ya boriti za zizi. Sauti yake ya ng'ombe aliyekwama: "Mmesikia wote! Ameimbiwa! Amevishwa! Mama yake mwenyewe ndiye aliyemleta barabarani! Wenzake wakienda, naye anakwenda." Na wenzake walikuwa wanakwenda baada ya siku kumi.

Nikarudi nyumbani. Mama mkwe wangu, mama yake Marwa, alikuwa uani anapepeta ulezi. Habari ilishafika, habari huku haivai viatu. Hakuinua kichwa.

"Mke wa Marwa. Nani alianzisha?"

"Mama, watu walikuwa wengi..."

"Sikukuuliza wangapi."

Ungo ukawa unasema peke yake, sha, sha, sha. Yeye nimemwigiza mara nyingi, mwanangu, lakini hili alilosema baadaye sijawahi kuliigiza, nalisema hivi hivi. Alisema, "Mimi nilimwimbia binti yangu wa kwanza. Nilitangulia nikicheza, kama wewe. Hakurudi kutoka kule. Watu nawaambia ni homa."

Miaka yote ile niliishi naye, nilijua ni homa.

Akaweka ungo chini. "Khanga irudi kwa aliyeitoa. Irudi barabarani, watu wakiona. Na aliyeimba ndiye aseme."

Nikaenda kwa Ghati. Alikuwa amefunga nguo mbili za Robhi kwenye mfuko, anapima aende au abaki, shamba au mtoto. Nikamwambia nipe hiyo khanga. Hakuniuliza ya nini, nadhani aliniona usoni. Akaitoa ndani ya sanduku akanikabidhi, akasema, "Usiniigize mnadani, Bhoke. Siku hiyo moja tu."

Mnada uliofuata, baada ya wiki moja, tukapita tena. Safari hii mbele nilikuwa mimi, khanga mkononi. Tulipofika zizini Mama Chacha akanipa kipaza. Kile nilichokililia! Kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia. Nikafungua mdomo, na kabla sijamaliza neno watu wakaanza kucheka. Wananijua. Mmoja akapaza sauti, "Leo anamwiga nani huyu? Bhoke, tuletee diwani!" Wengine, "Tuletee Mwita!"

Mwanangu, ilinijia. Mwita alikuwa pale pale, tayari nilikuwa naye kooni, na ningemtoa mnada wote ungeanguka chini kwa kicheko. Nikammeza.

Nikasema, "Simwigi mtu. Ni mimi Bhoke, mke wa Marwa. Ghati hakumtoa mwanawe. Niliyeimba ni mimi, na niliimba kwa wivu, kwa sababu yeye alikataa na mimi sikukataa. Wangu aliniomba nikamwambia nyamaza. Khanga hii narudisha."

Hakuna aliyecheka tena. Nikamnyooshea Nyangi khanga. Akaikodolea macho, hachukui. Asingechukua, Robhi angekuwa amekwenda, hata mimi nililijua hilo. Nyangi akatazama kaka yake Mwita, akamtazama Robhi, halafu akainyakua. "Nipe khanga yangu," akasema, "nilijua tu nimeharakisha, na yenyewe ni rangi inayonipendeza mimi!" Akaikunja akaibana kwapani. Mwita akaunguruma, "Wanawake mmeharibika! Mmeharibika wote!" Lakini angefanya nini? Shangazi amechukua khanga yake mbele ya mnada mzima. Msichana hajatolewa.

Desemba ile Robhi alipalilia mahindi na mama yake. Walisemwa, eeh, walisemwa sana, na mimi nilisemwa, kuna waliokuwa wananipita kisimani kama wanapita kisiki. Lakini alipalilia. Leo anashughulika na karatasi za malori kule mpakani Sirari, akija hapa ananiletea sukari na Kiswahili cha upande wa pili, cha Kenya, bibi kwao ni shosho, "Sasa, shosho, uko poa?" Mimi namjibu kwa kile kile.

Hayo si ya kuwanyamazisha ninyi. Ya kuwanyamazisha ni hili. Wegesa wangu, alikuwa ameshaolewa, siku ile alikuwa mnadani anauza viazi vitamu. Sikumwona mpaka nimemaliza kusema. Alisikia yote. Akainua beseni lake akaondoka, hakuniangalia. Mwezi ukapita hajaja kwangu. Wa pili. Nilikuwa napika namtazamia njiani. Siku aliyokuja alikuwa na kitoto mgongoni, cha kike, kimezaliwa wiki hizo na mimi sikuitwa. Hakukaa. Alikifungua mgongoni akaniwekea mikononi, akasema, "Huyu, mama, hutamwimbia."

Nikamwambia, "Simwimbii."

Akaketi. Nikampa uji.

Basi mwanangu, sikia, nalisema wazi usije ukasema bibi alizunguka. Ghati bado anashika kipaza mpaka leo, kesho mtamwona, na mimi bado nikimwona nacho kitu kinanikwaruza. Sijapona. Wivu hauji kuniomba ruhusa. Lakini nimejua tabia yake: ukiingia barabarani kwa ajili ya mtoto wa mtu na moyo wako unamtazama mwenzako aliyeko mbele, utamkanyaga huyo mtoto na hutasikia chini ya mguu. Ukiona wivu umekuja, mwambie mwenzako usoni, "Ghati, leo nakuonea wivu." Atacheka, na wewe utacheka, na utapata nguvu ya kubeba bango. Na kama nyumbani kwako kuna mtu ulimwambia nyamaza, anza na huyo kabla hujaingia mnadani kusema na watu.

Njoo niweke mkono kichwani, vua hiyo miwani. Mungu akupe sauti, na akupe wa kuisikia nyumbani kwako kwanza. Wakikucheka, asikuache. Wakikupigia makofi, asikuache hapo zaidi. Na mabinti utakaowazaa wakuombe neno wakiwa wamesimama wima, bila kushika nguzo. Nenda, mwanangu. Na huyo mwenzako unayemnunia, mbebee maji ya kunywa, koo litamkauka.