Maji ya Kumwosha Bibi

Bibi ndiye aliyetulea, na alishamwambia mdogo wangu wa kike zaidi ya mara moja, tena mbele yetu: "Siku yangu ikifika, maji unimwagie wewe. Mikono yako imezoea vyombo vya kioo, hutaniumiza." Tulicheka. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu, Dar, anasoma kemia na biokemia. Mimi niliishia kidato cha pili, nafuga kuku hapa Tangini. Kwa hiyo habari za masomo yake naziandika kama alivyonieleza. Nikikosea, kosa ni langu.

Bibi alifariki nyumbani kwake Kisarawe, asubuhi, baada ya saa mbili. Nilikuwa nimekwenda kumwangalia. Nikampigia mdogo wangu. Simu inaita, haipokelewi. Nikapiga tena na tena, nikatuma ujumbe. Kumbe ameshaingia kwenye mtihani wa maabara, wa kutwa nzima, na siku ya mtihani simu zote hubaki kwenye mabegi, nje ya mlango. Aliniambia baadaye kwamba ukishachanganya dawa zako huwezi kuziacha katikati, maana rangi hubadilika kwa wakati wake, na ukitoka hukuti kitu.

Baba mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa familia, alitaka tuzike baada ya adhuhuri.

"Tumngoje kidogo, baba," nikamwomba.

"Tumngoje daktari asiyejua kwamba kwao kuna msiba?"

"Si daktari, baba. Anasomea kemia."

"Kemia ndiyo nini? Inatibu nini?"

Nikababaika. Nikasema ni habari za vitu vilivyomo mwilini, vinavyofanya chakula kiwe nguvu. Hata mwenyewe sikuona kama nimesema kitu.

"Yaani anasomea mwili," akasema, "na mwili wenyewe huu hapa unamngoja."

Lakini haki yake nimpe: alisogeza maziko mpaka alasiri. Jua lilikuwa kali, na wazee wenzake walishaanza kunung'unika. Shangazi naye alichelewesha kuosha mpaka alipoambiwa sasa basi. Ndipo akafunga pazia, na maji akamwaga yeye.

Mdogo wangu alifika kwa bodaboda wakati tunarudi kutoka makaburini. Koti jeupe la maabara bado liko mwilini, alisahau kulivua. Mama mmoja jirani, ambaye sidhani alikusudia ubaya, akasema kwa sauti: "Haya, daktari huyo! Mgonjwa keshapelekwa." Wachache wakacheka, kile kicheko cha msibani cha watu waliochoka. Mdogo wangu akamwambia shikamoo, akapita.

Nilimkuta uani na shangazi, pale bibi alipooshewa. Udongo ulikuwa bado umeloa.

"Nani alimshika kichwa?"

"Mimi, mwanangu."

"Maji yalikuwa ya moto?"

"Vuguvugu."

"Uliyajaribu kwa mkono kwanza?"

"Niliyajaribu."

"Na kile kidonda cha mgongoni?"

"Nilipita taratibu. Wallahi, nilipita taratibu."

Aliendelea kuuliza, na shangazi akajibu kila swali bila kukasirika, mpaka shangazi ndiye aliyeanza kulia. Mdogo wangu hakulia. Alikuwa anautazama ule udongo.

Nimewaza sana nani alikosea. Nikitaka kumlaumu baba mkubwa, nalikumbuka jua lile. Nikitaka kumlaumu mdogo wangu, naiona simu yake inaita ndani ya begi, na yeye yuko upande wa pili wa mlango anaangalia rangi. Labda mwenye akili zaidi yangu angeweza kuamua.

Matokeo yalipotoka alinipigia.

"Kaka, ule mtihani nimefaulu. Vizuri sana."

"Hongera, mdogo wangu."

Nyuma yake nilisikia wanafunzi wenzake wanashangilia.

"Nilikuwa naomba nifeli," akasema.

Nikamuuliza kama amekula.

"Bado," akasema.