Kaburi la Kwanza la Mama

Udongo ulianza kurudi shimoni mama yangu akiwa bado ndani ya nyumba, ameshaoshwa, ameshavikwa sanda. Jembe moja alilishika mwenyekiti wa kitongoji chetu. La pili alilishika fundi cherehani, jirani yangu.

"Dada, usituelewe vibaya," fundi alisema bila kunitazama. "Tukimlaza huyu, kesho ng'ambo nzima itahamia kufia hapa."

Ng'ambo ndiko tulikotoka mimi na mama, upande wa pili wa mto Ruvuma, vijiji vilipochomwa. Tulivuka na sufuria moja. Huku mashambani Nachingwea walitupokea vizuri, sikatai. Wamakua wa hapa tulisikilizana nao lugha. Tukapalilia ufuta wao, tukafagia chini ya mikorosho yao.

Na misiba nilikwenda. Hapa mtu akifa, kila nyumba hupeleka unga na maji. Sikukosa hata msiba mmoja. Alipofariki baba yake fundi nilibeba ndoo siku tatu, mpaka watani wakanicheka: "Wewe wa ng'ambo, Ruvuma yote umeihamishia kichwani?" Nami nikacheka. Nilidhani anayebeba maji ya msiba ameshakuwa mwenyeji. Hilo ndilo kosa langu. Kumbe maji yalipokelewa, mimi bado.

Siku hiyo ya mama jua likapinduka, na maiti haikai. Bibi mmoja Mkristo, ambaye huwa nampalilia, alisikia akaja na kanga kaifunga kiunoni.

"Mleteni kwangu, pale mpakani mwa shamba, kwenye mikorosho," alisema. "Nimwone huyo atakayekuja kufukia shambani kwangu."

Vijana wale wale waliochimba kaburi la kwanza wakachimba la pili. Mwenyekiti hakuja. Fundi alikuja, akasimama mbali kama mpita njia.

Wapo wanaoniambia nihamie Ruangwa, huko machimboni hakuna anayemuuliza mtu katoka wapi. Siendi. Mama yuko hapa.

Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini haya nimeyaandika kwa mkono wangu na nitayasoma kwenye mkutano wa kijiji. Pole zenu sizitaki. Mwenyekiti, utakuwa umekaa mbele: sema, watu wakisikia, mama yangu alikosa nini hata ukamfukia shimo lake. Na wewe fundi, baba yako alioshwa kwa maji niliyobeba mimi. Simama ujibu.