Binamu Alipata Goti Jipya Kabla ya Shangazi

Shangazi yangu Yuk-sim amecheza mkia wa simba miaka thelathini. Hapa Foshan, kusini mwa China, duka halifunguliwi bila ngoma ya simba, na ndani ya simba kuna watu wawili. Wa kichwa ndiye anayepigwa picha. Wa mkia anainama mwanzo mwisho, anamrusha mwenzake juu, anamdaka, anamrusha tena. Shangazi ndiye huyo wa mkia. Ukitazama picha zake zote za kazi, utaona viatu tu.

Magoti yakaisha. Daktari akasema yabadilishwe yote mawili. Shangazi na mume wake, Anko Fuk-wing, wakajinyima mpaka pesa ikatimia. Ilipotimia, Shangazi akaenda kununua roboti.

Usifikirie kile kidude cha kufagia sakafu. Roboti mtu mzima kabisa, miguu miwili, mikono miwili, kichwa kama helmeti. Yuani elfu tisini na nane. Magoti mawili ya hospitali yote yaliingia kwenye sanduku moja jeusi.

"Nikienda kukatwa sasa hivi nitalala miezi," alimwambia mume wake. "Kazi atafanya nani? Huyu atakodishwa, atacheza, atanilipia magoti yeye mwenyewe. Ndani ya mwaka tu."

"Na asipolipa?"

"Asipolipa utaingia wewe kwenye mkia."

Mimi nikampa jina la Binamu, maana alikuwa anapendwa kuliko sisi wote. Na mwanzoni, jamani, alistahili. Kila harusi walimtaka, kila duka walimtaka, siku moja ya kumkodi ilikuwa elfu tano na watu wanapanga foleni.

Shida ni kwamba Binamu naye alikuwa na mahitaji. Betri moja haimalizi harusi, kwa sababu kwetu hotuba ya baba mkwe peke yake inamaliza betri, kwa hiyo ikanunuliwa ya pili. Kuna ada ya programu kila mwezi, usipolipa anasahau kucheza, anabaki kupunga mkono kama mgombea ubunge. Bima. Gari la kumbeba. Kiyoyozi cha stoo, kwa sababu betri haipendi joto. Mwezi wa saba, joto kali kwetu, Binamu amelala kwenye baridi safi, Shangazi na Anko wako chumbani wanagombania feni.

Halafu akavunjika goti akiruka kwenye harusi ya watu. Likabadilishwa, kwa pesa ya Shangazi.

"Hongereni, familia imepata goti jipya," niliandika kwenye grupu. "Sema limeenda kwa mtu mwingine."

Shangazi akanitoa kwenye grupu. Anko akanirudisha. Shangazi akatutoa wote wawili.

Lakini kucheka kukaisha, kwa sababu mji mzima ukanunua roboti. Wauza sofa wanazo, saluni zinazo. Bei ya kukodi ikashuka mpaka ikawa hailipi hata gari la kumbeba. Shangazi akawa anapanda ngazi huku ameshika ukuta.

Asubuhi moja, tunakunywa chai, akaweka kikombe chini.

"Nimejua! Hatukumfungua macho!"

Simba mpya kwetu hachezi hivi hivi. Lazima ichukuliwe brashi, apakwe rangi nyekundu machoni na kwenye paji la uso, ndipo anaamka. Bila hivyo ni mianzi na manyoya tu.

"Nimemfanyisha kazi mtu aliyelala," alisema Shangazi. "Bahati ingetoka wapi?"

Basi akachukua brashi akampaka. Doa moja nene katikati ya kila jicho, lingine kwenye paji. Anko akapiga ngoma. Mimi nikarekodi na kupiga makofi. Watu watatu wazima, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba macho ya roboti ni kamera.

Kesho yake tulikuwa na kazi kwa Bosi Mak, anayefungua mgahawa wa pili. Binamu akatembea hatua chache, akakunja kona ambayo haipo, akalikumbatia tangi la samaki. Hakulivunja. Alilikumbatia tu, kwa mapenzi, samaki wanamtazama. Halafu akakaa chini na kugoma.

Shangazi akawapigia waliomuuzia, akaweka simu sauti ya juu.

"Hiyo ni kichwa," sauti ikasema. "Kinabadilishwa kizima. Elfu thelathini. Dhamana haihusiki."

Shangazi akakaa juu ya gunia la mchele. Akajishika magoti, moja kwa kila mkono.

"Ndiyo basi tena," alisema.

Wakamtuma fundi aje kukagua kwanza. Akaja dada mmoja wa mkoa wa Hunan anaitwa Tan, na begi dogo mgongoni. Akainama, akamwangalia Binamu usoni muda mrefu.

"Mama, hii nyekundu ni nini?"

Anko akaanza kusoma menyu.

"Nilimfungua macho," Shangazi akasema taratibu.

"Ulimziba, Mama."

Akatoa kitambaa na spiriti, akafuta jicho la kwanza, akafuta la pili. Binamu akainua kichwa, akatutazama, akasimama, akapunga mkono.

"Kichwa hakina shida," Tan alisema. "Nitaandika kwamba ni kizima. Hulipi chochote."

Shangazi akalia, akacheka, kisha akavua ndara akampiga nayo Anko begani. "Na wewe ulikuwa unapiga ngoma ya nini!"

Tan akataka kufuta na doa la paji. Bosi Mak akaruka.

"Liache hapo hapo! Roboti za wenzangu zote hazijafunguliwa macho. Huyu nauziwa bei gani?"

"Ungemtaka wa nini?" Shangazi akauliza, machozi yamekauka ghafla.

"Asimame mlangoni, akaribishe wageni. Asitembee kabisa. Elfu arobaini."

"Arobaini? Ana goti jipya huyu!"

"Goti la nini, mimi nataka mikono."

"Goti linakwenda na mwili, Bosi. Hapa sio buchani."

Wakavutana mpaka elfu hamsini na tano, na ada ya kila mwezi inahamia kwa Bosi Mak. Njiani Anko akasema polepole, "Tumepata hasara, mke wangu."

"Tumepata goti," akasema Shangazi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Pesa ilitosha goti moja, akachagua la kushoto. Wiki za hospitali Anko alimpikia miguu ya nguruwe na tangawizi, kwa imani kwamba goti linajengwa na goti. Daktari hakuthibitisha, lakini aliomba bakuli.

Nyumba yao iko ghorofa ya nne na haina lifti. Miaka yote ya maumivu Shangazi alikuwa anashuka ngazi kinyumenyume, ameshika reli, majirani wanaona mgongo tu. Juzi nilimfuata nyuma, nikamwona anashuka ubavu ubavu, goti jipya linatangulia. Jirani wa ghorofa ya pili alikuwa mlangoni anafagia, akasimamisha ufagio.

"Yuk-sim! Kumbe una uso!"

"Nusu kwanza," Shangazi akamjibu, akaendelea kushuka.