Mashine ya Meneja

Siku mpishi wa hoteli moja ya Watamu, jina lake Baya, alipomwona meneja mpya kwa mara ya kwanza, bwana huyo alikuwa akishuka kwenye tuktuk amepakata kompyuta kubwa kama mzazi aliyetoka kujifungua. Humo ndimo ingekaa programu ya kuhesabu stoo na kuagiza vyakula yenyewe. Fundi wa kompyuta alimshauri akodi nafasi ya kuiweka programu kwenye mashine za kampuni, kupitia mtandao. "Mali yetu nikaiweke kwa watu nisiowajua?" meneja alimjibu. Akaiweka kompyuta yake kwenye chumba cha mashuka, akaifungia feni, na kila asubuhi alivua viatu mlangoni, akaingia kuifuta chumvi ya bahari kwa leso yake, akinong'ona kana kwamba imelala. Wapishi aliwasalimu kwa kidevu. Umeme ulipokatika na jenereta ikalemewa, alichomoa friji ya samaki kwa mkono wake mwenyewe, akachomeka mashine. Kesho yake nguru walinuka hadi kwenye bwawa la kuogelea, na wageni wa arusi walikuwa njiani.

"Bwana, samaki wameoza," Baya alisema kwa sauti ndogo, "na wageni wakiugua, nitashikwa mimi."

Meneja alitazama skrini, akatabasamu.

"Baya ndugu yangu, mashine inasema samaki wapo. Wapike."

Baya alivua aproni, akaitundika.