Maneno ya Kilambya Niliyoyafuata Usingizini

Mke wangu alikufa akiongea, nami nimekaa kitandani ubavuni kwake, na sikuelewa hata neno moja. Yeye alikuwa Mlambya wa Ileje, mimi ni Mnyiha wa Mbozi. Tulikutana Tunduma tukaoana Tunduma, na lugha ya nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili, kama nyumba nyingi za mpakani. Kilambya alikiongea na dada yake tu wakikutana. Asubuhi ile alinishika mkono, akasema maneno mengi kwa Kilambya, taratibu, kama mtu anayetoa maagizo. Kisha akanyamaza. Chumbani tulikuwa wawili tu. Nilitaka kuyashika yale maneno nimpelekee dada yake anifasirie, lakini watu wakajaa, vilio vikaanza, na msiba ulipoisha yalikuwa yamenitoka kichwani yote.

Mimi nimeishia darasa la pili. Biashara yangu ya maharage nimeijenga kwa mgongo wangu, tangu ile miaka serikali iliporuhusu mtu kuuza mazao mchana bila kujificha. Sijazoea kushindwa. Lakini lile jambo lilinikaa kooni. Nilikuwa namwota mara kwa mara, amekaa barazani na ungo, anachambua maharage, midomo inacheza. Kila nikitega sikio, naamka.

Aliyenipa njia hakuwa mganga wala mchungaji. Hao wote walikuja, nikawapa chai wakaenda. Alikuwa dereva wa lori, Mzambia, mteja wangu, aliyezoea kulala kwenye foleni ya mpakani wiki nzima. Aliniambia yeye akiota anajua kabisa kwamba anaota, na akishajua, anakwenda anakotaka na kuongea na anayemtaka. Nikamcheka. Hakukasirika.

“Mudala,” akasema, maana huko kwao mzee wanamwita hivyo, “wewe unalala kama gunia. Unaangushwa chini, basi. Usingizi wa namna hiyo hauna mlango.”

Akanifundisha. Niache pombe ya jioni. Nilale mapema, niamke alfajiri kabla ya jogoo, nikae kidogo nikimfikiria yule ninayemtaka, halafu nirudi kulala. Na mchana kutwa niwe naangalia saa ya mkononi mara mbili mbili, huku najiuliza kama niko macho. Alisema ndotoni saa haitulii, ukiirudia inakuwa imebadilika. Ukizoea mchana, hata usingizini utaiangalia, na hapo utajua.

Nilifanya kama alivyosema. Kuacha pombe hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni kurudi kulala alfajiri, wakati wenzangu wanafungua maduka. Mtu aliyeinuka kimaisha kwa kuwahi soko anajisikia mwizi akiwa kitandani jua limetoka. Na sokoni wakaanza maneno. Jirani yangu wa mchele akaniuliza mbele za wateja, “Mzee, hiyo saa unaikagua kila dakika, unangoja posa?” Nikamwambia apime mchele wake.

Siku ikafika, nikamwota. Yuko barazani na ungo wake. Nikaangalia saa: saa nne. Nikaangalia tena: saa tatu. Hapo ndipo nilipotakiwa kujua. Lakini mimi nimeishi mpakani miaka mingi, na sisi wa Tunduma tunajua kwamba ukivuka tu kuingia Nakonde, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Basi ndotoni nikajiambia, kumbe nimevuka, niko Zambia, lazima niwahi kurudi kabla geti halijafungwa. Nikamwacha pale pale amekaa, nikakimbia kwenda mpakani. Niliamka natokwa jasho, nimemkimbia mke wangu mwenyewe.

Dereva aliporudi nikamsimulia. Alicheka mpaka akaketi juu ya magunia, halafu akaona uso wangu, akaacha. Akanipa njia nyingine: niwe naziba pua na kujaribu kuvuta hewa. Ukiwa macho hewa haipiti. Ukiwa unaota inapita. Nikaanza kuziba pua dukani, na yule wa mchele akauliza kama mchele wake unanuka. Nikaendelea kupima maharage.

Mvua za mwanzo zilipoanza, nikaota tena. Baraza lile lile, ungo ule ule. Nikaziba pua, hewa ikapita kama kawaida. Nikajua. Nilisogea polepole nisiamke, nikachuchumaa mbele yake.

“Mama watoto,” nikamwambia, “rudia ulichoniambia siku ile.”

Akainua macho. “Usiwakopeshe wafugaji kabla ya mavuno,” akasema. “Na lile bati la jikoni linalovuja liangalie.”

Kiswahili safi, cha sokoni, cha kwangu. Mke wangu hakuwahi kuongea Kiswahili hicho. Chake kilikuwa na lafudhi ya Ileje mpaka mwisho. Nikamwambia, “Hapana. Sema kwa Kilambya.” Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Nikamwomba tena. Midomo ikacheza tu. Nikaelewa nikiwa mle mle ndani kwamba hana cha kunipa ambacho mimi sina.

Sikujaribu tena. Nilipanda gari hadi Itumba, kule Ileje, nikashika njia ya kwa dada yake, nikamweleza yote bila kuficha. Alinisikiliza huku anapukuchua mahindi.

“Shemeji,” akasema, “Kiswahili alikijua. Angekuwa anasema na wewe, angekisema. Nadhani alikuwa anaongea na mama yetu.”

Mama yao alikufa mke wangu akiwa msichana. Mkono aliokuwa ameushika ni wangu, miaka yote nimemlisha mimi, na dakika ile hakuwa na mimi.

Mwisho nikamwomba shemeji aongee. Chochote, nikamwambia, ila kwa Kilambya, na sitakuuliza maana. Alishangaa, halafu akaanza, nadhani habari za shamba, mikono yake haikuacha mahindi. Sauti zao zilifanana. Nilikaa kwenye kigoda nimeinamisha kichwa, nikingoja lipite hata neno moja kati ya yale nilitambue. Halikupita.