Kibao Chenye Namba ya Simu

Mtaa mzima unamwita dada yangu mkubwa Brashi, na ukimwita jina lake halisi hageuki. Ni mchora vibao. Kinyozi, duka la dawa, fundi baiskeli, wote wamechorewa na yeye. Ana mdomo, ana maringo ya kazi, na akishika rangi nyekundu usimsogelee. Mimi ni mdogo wake, nimemvumilia miaka hamsini, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Mama yetu anaishi ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana ya Brashi. Kila alasiri huvuka na fimbo yake kuja kunywa chai. Kushikwa mkono hataki. "Nimewazaa mimi, halafu nyinyi ndio mnivushe?" Goti moja limemchoka, na kuvuka humchukua muda wa mtu kuhesabu hadi arobaini. Najua, maana nilikuwa nahesabu kila siku, roho mkononi. Mwaka juzi gari lilipita kwa kasi likamkwapua fimbo, ikakatika vipande viwili. Mama yangu, asiyemwogopa mtu, akabaki katikati ya barabara anatetemeka. Sitaisahau ile siku.

Brashi alikwenda manispaa moto mmoja. Mhandisi wa barabara akamweleza polepole, kama anayemfundisha mtoto: barabara yoyote ya makazi isiyo na kibao, gari linaruhusiwa kwenda kilomita hamsini kwa saa. Mnaotaka thelathini, ombeni kibao, mtaa mmoja mmoja. Foleni ya maombi ilikuwa ya miaka sita. Mama ana miaka themanini na moja, sasa niambie.

Basi Brashi akachora cha kwake. Bati la duara, ukingo mwekundu, thelathini nyeusi iliyonyooka. Akakisimika asubuhi kweupe, amevaa koti la kazi, na kwa kuwa alikunja uso kama mtumishi wa serikali hakuna aliyemuuliza kitu. Hata askari wa usalama barabarani wakaanza kuandikia watu makosa kwa kibao hicho. Miezi minane mama alivuka salama.

Kilichomponza ni mazoea. Kila kibao cha duka anachomaliza, Brashi huandika chini kabisa, kwa herufi ndogo, "Mchoraji" na namba yake ya simu, ili wateja wampate. Na hicho cha barabarani aliandika. Dereva mmoja aliyeandikiwa kosa akainama, akasoma, akapiga. Dada yangu akapokea kwa bashasha: "Karibu mteja, unataka kibao cha ukubwa gani?"

Nilimsema siku mbili mfululizo. Mwerevu wa kila kitu, halafu unajichongea mwenyewe kwa brashi yako.

Aliitwa mbele ya kikao cha madiwani, nikamsindikiza. Kibao kingeng'olewa, hilo halikuwa na mjadala, na mama angerudishwa kwenye hamsini. Brashi alisimama, vidole bado vina rangi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nimekosa. King'oeni. Ila igeuzeni sheria yenu. Pasipo na kibao, iwe thelathini. Anayetaka hamsini mbele ya mlango wa mama yake, huyo ndiye apange foleni."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akavua miwani.

"Fundi, wewe unakula kwa vibao. Mitaa mia mbili na ushee inasubiri kuchorewa. Tukikusikiliza, kazi yote hiyo inakupita."

"Vinyozi hawajaisha," akajibu, akaketi.

Walibishana vikao vitatu. Walipopiga kura, ishirini na mmoja walikubali na wanne wakakataa. Nilipiga vigelegele ndani ya ukumbi wa manispaa, na askari wa mlangoni aliyekuja kunitoa alikuwa anacheka. Brashi alipewa onyo la maandishi kwa kosa lake. Amelitia fremu na kulitundika karakanani, juu ya makopo ya rangi.

Siku sheria ilipoanza, aliking'oa kibao chake kwa mikono yake mwenyewe. Saa ya chai ilipofika, mama akatoka mlangoni na fimbo mpya. Barabara haikuwa na kibao hata kimoja. Gari likatokea konani, nami nikaanza kuhesabu. Lilikuwa linakuja taratibu, likazidi kupunguza, likasimama.

Nilipofika ishirini mama alikuwa katikati. Akasimama. Akaiegemeza fimbo kiunoni, akafungua mtandio wake na kuufunga upya, mikono yote miwili, bila haraka yoyote. Dereva akasubiri. Brashi pembeni yangu alikuwa analia waziwazi.

Siku hiyo nilihesabu hadi sabini, na tangu hapo sijahesabu tena.