Mchi wa Bi Mwanamkuu

Kama unataka hadithi ya mama mtakatifu, pita kushoto. Bi Mwanamkuu wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, alikuwa anavunja watu.

Miaka ya sabini alikuwa anauza vitumbua, mchi wa kinu hauko mbali. Ukimsukuma binti yake Sabaha kwenye foleni ya sukari, unalala na pua imepasuka. Watu wakasema ana jini. Jini gani? Ni neno aliloambiwa na daktari.

Sabaha alipokuwa mdogo aliugua malaria, mwili unachemka. Daktari akamsikiliza kifua, akasikia mlio wa ziada, shwaa, kila moyo ukidunda. Akasema, "Moyo mbovu huu. Asikimbie, asipigwe. Ataanguka afe."

Basi. Hakusema homa ikipoa mrudishe nimsikilize tena.

Mtoto akakulia barazani, anaangalia wenzake wanacheza rede. Akinyanyua mguu tu: "Usikimbie!" Mtaa mzima uliijua ile sauti.

Shuleni akaja mwalimu mgeni, Leodegar. Akamchapa Sabaha kwa kuchelewa. Mchana huohuo Mwanamkuu akatokea mlangoni, mchi mkononi.

"Umempiga mwanangu?"

"Kama wengine, mama. Hapa hakuna mtoto wa sultani."

Mwanamkuu akaupiga mkono ulioshika fimbo. Mfupa ukatoka nje. Mwalimu akaanguka, akapigwa tena akiwa chini, mbavu, damu mpaka kwenye madaftari ya watoto.

Mahakamani akajitetea: "Alitaka kumuua. Muulizeni daktari."

Hakimu akaagiza mtoto apimwe upya. Daktari mwingine akamsikiliza Sabaha amelala, amekaa, amesimama. Hakuna kitu. Akaja kusema mbele ya watu, "Moyo mzima. Homa ikipanda, damu inaenda mbio, mlio kama ule unasikika kwa watoto wengi. Hauna madhara."

Utetezi ukafa palepale. Leodegar, mkono kwenye plasta, akauliza, "Sasa mama, umenivunjia nini?"

Mwanamkuu wala hakumsikia. Alipiga kigelegele. Hakimu akagonga meza, akapiga kingine. Akafungwa mwaka.

Karandinga la magereza linaondoka, Sabaha akachomoka mikononi mwa shangazi yake, akalifukuza. Askari akaruka amkamate.

"Mguse nikuvunje!" Mwanamkuu alinguruma kwenye wavu wa dirisha, pingu mikononi. Halafu akamgeukia binti yake, kwa sauti ileile ya barazani:

"Kimbia! Kimbia, mwanangu!"